Namba Isiyojua Kupiga

Jumatatu, 5 Februari

Ofosu amerudi kutoka Accra na wazimu mpya. Safari hii si fulana zenye nembo wala kalenda. Ni namba ya simu ya bure! Mteja anapiga, hakatwi hata pesewa moja, tunalipa sisi. Alikwenda semina ya siku mbili ya wenye biashara changa, wakalishwa chakula cha hoteli, kisha bwana mmoja mwenye suti akawaambia kampuni isiyo na namba ya bure ni kibanda chenye jina. Sasa Ofosu hataki tena kuwa kibanda.

Nikamwambia sisi ni kibanda. Mlango mmoja hapa Bantama, Kumasi, aboboyaa moja, pikipiki ya mizigo ya miguu mitatu ambayo breki zake husikika kabla haijaonekana, mitungi ya gesi, na uvumilivu wangu. Tunachukua mtungi mtupu kwa mama lishe, tunampangia foleni kituoni, tunamrudishia umejaa. Kampuni yetu, Ogya Ntem, yote ndiyo hiyo.

Akasema ndiyo maana hatukui. Eti mimi nafikiri kidogo.

Mimi! Nani alizunguka jikoni kwa watu mwaka mzima akinuka masizi kutafuta wateja? Lakini ni mtoto wa mama mkubwa, na kwetu huyo ni kaka kamili. Huwezi kumfukuza kazi kaka.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wateja wetu hawapigi simu. Wako sitini na tatu na hakuna anayepiga. Wanabipu! Mama Akyaa ndiye aliyeweka utaratibu, mwaka juzi, na wenzake wote wakaufuata. Bipu moja: lete mtungi kesho. Bipu mbili: lete sasa hivi, moto umezimika chini ya sufuria. Bipu tatu: usije, nimesafiri. Namba zao zote nazijua kwa kichwa. Nikitaka ufafanuzi, napiga mimi. Biashara inakwenda bila mtu kufungua mdomo. Sasa namba ya bure imfae nani?

Tumebishana mpaka fundi cherehani wa jirani akafunga dirisha. Mwisho tumekubaliana hivi: kampuni ya simu inatoa mwezi mmoja wa majaribio. Tarehe 5 Machi tunaamua. Tukiitaka, tunalipia mwaka mzima kwa mkupuo, na fedha pekee tuliyo nayo ya kiasi hicho ni ile ya kununua aboboyaa ya pili. Kwa hiyo swali ni moja tu. Namba au aboboyaa.

Mimi jibu ninalo tayari. Lakini nimesema sawa, tujaribu. Kwa nini nilisema sawa?


Jumatano, 7 Februari

Kisimu kimeletwa. Cheusi, cha mezani, hakina waya, laini yake iko ndani. Kina taa mbili. Nyekundu inawaka kikiita. Kikiita mara tano bila kupokelewa, kinajipokea chenyewe, kinatoa sauti ya Ofosu, na mtu anaweza kuacha maneno yake. Hapo inawaka ya kijani mpaka amalize.

Sauti ya Ofosu! Karekodi mara kumi na moja. Kwanza Kiingereza cha puani, ambacho sijui kakiokota wapi, halafu Kitwi cha taratibu kama mtu anayesoma tanzia redioni. "Karibu Ogya Ntem. Sisi tunakujali." Nimekula kenkey yangu nje.

Mchana amebandika vikaratasi kwenye mitungi yote. Kavibandika JUU ya namba yangu. Ile niliyoipaka kwa mkono wangu, kwa rangi nyeupe, mtungi mmoja mmoja, nikiwa nimepiga magoti. Nikauliza, hakukuwa na nafasi pembeni? Akasema pembeni hapaonekani.


Ijumaa, 9 Februari

Kisimu kinaita mara moja, kinanyamaza. Ofosu anakirukia, anakuta pamekatika. Kinaita tena mara moja. Anarukia. Kimya. Asubuhi nzima hivyo! Eti mtandao mbovu.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, kaka, unabipiwa.

"Namba ya bure nani ataibipu?"

"Kumasi yote."

Na kibaya ni kwamba kisimu hakionyeshi namba ya mtu aliyekata kabla hakijapokewa. Kinahesabu tu. Kwa hiyo kuna wanawake huko wanataka gesi, na hatujui ni nani.

Ofosu kanigeuzia kibao. Eti kosa langu. Eti wanachanganyikiwa kwa sababu namba yangu bado iko hewani, na hakuna majaribio ya haki namna hiyo. Nizime laini yangu mpaka Jumanne ya tarehe 20, watu wazoee.

Nimezima. Ndiyo, nimezima! Nilitaka aibu imkute mwenyewe, nisisikie baadaye kwamba nilimhujumu. Nimewapitia wateja niliowakuta njiani nikawaambia pigeni hii ya bure, iacheni iite tu. Wote wameitikia "tumesikia". Naijua hiyo "tumesikia" ya mama lishe.


Jumatatu, 12 Februari

Ripoti ya wiki imetoka kampuni ya simu. Waliojaribu kupiga: mia moja themanini na nane. Waliozungumza: wawili.

Ofosu anacheza. Mia moja themanini na nane! Kapiga picha ile karatasi, kawatumia wenzake wa semina.

Nimempigia mbuzi gitaa. Nimemwambia hao mia moja themanini na sita ni sufuria baridi. Hanisikii. Kutwa nimezunguka na aboboyaa nikiuliza mlango kwa mlango: ni wewe uliyebipu? Ni wewe? Kama mtu aliyepoteza mbuzi wake. Wengine wamenijibu kwa kunigeuzia mgongo. Mmoja wa mtaa wa Asafo kaniambia gesi ameshachukua kwingine, "kwa sababu nyie siku hizi mna nyodo."

Nyodo!


Jumamosi, 17 Februari

Nimekasirika hata mwandiko wangu siutambui.

Mama Akyaa alikuwa na kazi ya kupikia mazishi kule Tafo. Watu mia tatu. Supu ya mbuzi, wali, samaki. Jana alibipu namba ya bure mara moja: lete kesho. Haikuja gesi, maana hatukujua. Leo alfajiri akabipu mbili. Hakuna. Mbili tena. Anasema alibipu mpaka kidole kikauma. Mitungi yake ikaisha mmoja baada ya mwingine, supu ikiwa haijaiva. Wakakimbilia mkaa. Chakula kimetoka saa kumi jioni. Wageni wa Obuasi walikuwa wameshapanda basi lao, na njaa yao.

Kaja mwenyewe hapa kibandani. Nguo nyekundu ya msiba, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Kasimama mlangoni, kamtazama Ofosu, kanitazama mimi.

"Afriyie, nilikukosea nini?"

Basi. Akaondoka.

Ofosu akasema kwa sauti ndogo, lakini kwa nini hakuiacha iite? Nikamwambia asiseme nami leo.

Huyu ndiye aliyetushika mkono. Nusu ya wale sitini na tatu ni kikundi chake cha kuchangiana, anaowaambia nunua huku wananunua huku. Akitoka yeye, tumebaki na mitungi ya kukalia.


Jumapili, 18 Februari

Baada ya ibada tumekwenda kuomba radhi. Mtu haombi radhi kwa mdomo wake mwenyewe, kwa hiyo tumembeba Mama Mkubwa, mama yake Ofosu, atusemee. Chupa ya jini, trei mbili za mayai. Ofosu kavaa kama anakwenda kuposa.

Mama Akyaa katuweka uani kwenye viti vya plastiki. Katupa maji, kauliza habari za safari, ingawa tumetoka mtaa wa pili. Mama Mkubwa akasema yake. Vizuri sana, lazima nikiri, hata mimi machozi yalinilenga. Kisha akaharibu mwishoni.

"Lakini mdogo wangu, ungeiacha tu iite. Ni bure."

"Bure!" Mama Akyaa akacheka kicheko kile cha sokoni. "Mimi nimezaliwa Kumasi. Hapa mtu akikwambia bure, bei anamlipisha mjukuu wako."

"Ni kweli ni bure, Mama," Ofosu akasema.

"Wewe nyamaza, anasema mama yako. Haya, tuseme bure. Tangu lini mnunuzi akampigia muuzaji? Mimi nikibipu, Afriyie ananipigia. Simu inalia mbele za watu, nawaambia, ngojeni kidogo, wa gesi wananitafuta. Watu wanaona. Hii namba yenu haijui kupiga. Inakaa tu pale inangoja ipigiwe, kama chifu."

Mama Mkubwa akamsogezea mayai na jini.

Kapokea mayai. Kapokea jini, akamimina kidogo chini. Katusamehe, ila kwa sharti: tukimchelewesha Jumamosi nyingine moja tu, anahamia na kikundi chake kwa yule bwana wa Suame mwenye aboboyaa mbili. Mbili, kasema, akaninyooshea vidole viwili karibu na pua.

Tulipotoka, Mama Mkubwa akamuuliza Ofosu kama ile namba bado inafanya kazi. Sikuelewa ni ya nini.


Jumanne, 20 Februari

Nimewasha laini yangu. Bipu arobaini na moja kabla ya saa nne asubuhi! Nilikaribia kulia. Nimeendesha kutwa, mgongo umekufa, na hakuna aliyenisalimu kwa ubaridi.

Nimevibandua vikaratasi vya Ofosu kwenye mitungi niliyoikuta. Gundi imeondoka na rangi. Namba yangu sasa inasomeka nusu.

Ofosu kanuna. Kasema mwezi haujaisha.


Ijumaa, 23 Februari

Nimegundua leo kwamba kwa wiki mbili nzima HAKUNA aliyesikiliza maneno yaliyoachwa kwenye kisimu. Nilimuuliza Ofosu, akasema alidhani nasikiliza mimi. Mimi! Namba ni yake, sauti ni yake, semina alikwenda yeye!

Tumekaa tukasikiliza. Jumbe tisa.

Sita ni Mama Mkubwa. Ei! Mashine inampa mtu dakika nane, naye kazimaliza zote, mara sita. Muhogo umeliwa na mbuzi wa jirani. Magoti. Nani kafa, nani anakaribia. "Ofosu mwanangu, najua uko kazini, sema tu amina." Halafu sala yote. Ofosu alikuwa anatazama dari.

Mmoja anauliza kama sisi ni hospitali. Mmoja ni watu wanaogombana, simu ilijipiga mfukoni.

Wa tisa ni mwanamke mzee. Sauti ndogo. Anajitaja, Bi Dufie wa Ash Town, ghorofani, nyumba ya rangi ya manjano iliyobabuka. Anasema mtungi tuliomletea unapiga mluzi. Hajui kama ni kawaida. Usiku unanuka. Ameuliza jirani akamwambia aisome namba iliyobandikwa. Halafu ananyamaza, unasikia anapumua, halafu anasema: "Kijana? Bado upo?"

Tarehe kumi na tano! Siku nane!

Nilitaka kwenda pale pale. Aboboyaa iko kwa fundi, tairi. Nikapanda teksi.

Baadaye, jioni. Yuko hai. Nimeanza na hilo maana njia nzima ndilo nililokuwa nikiliomba. Mtungi aliuburuta mwenyewe mpaka uani, akaufunika gunia bichi, kila asubuhi analilowesha. Siku nane anapikia mkaa kibarazani. Ni mtungi ule mdogo, unaomtosha miezi minne, ukiisha ananiita dirishani nikipita, ndiyo maana hata jina lake sikulikumbuka. Mpira wa koki ulikuwa umekatika. Mpira! Kitu cha kubadilisha kwa dakika tano, na nilipaswa kuuona mimi siku nilipoujaza.

Nikamuuliza, Bi, kwa nini hukubipu namba yangu? Iko kwenye mtungi. Akasema haikuwepo, palikuwa na karatasi. Halafu akasema kitu kingine.

"Hata kubipu kunataka salio, binti yangu. Hii simu kaninunulia mwanangu ili anipigie yeye. Mimi sijawahi kumpigia mtu. Ile yenu ndiyo ya kwanza."

Kisha: "Nilizungumza na yule kijana. Mpole sana, ana Kitwi kizuri. Ila hakunijibu. Nikadhani labda anaandika."

Sikuweza kumweleza kwamba ni mashine. Nilimwambia yule kijana ana kazi nyingi. Nikamwambia siku nyingine apige hiyo hiyo, nitapokea mimi mwenyewe. Akaniuliza jina langu mara mbili ili asilisahau.

Nimeona haya. Naiandika ilivyo: nimeona haya.


Jumatano, 28 Februari

Tangu Jumatatu natembea na kisimu mapajani kwenye aboboyaa, nimekifunga kwa kitenge kisiruke. Watu wananiuliza kama nimeibia ofisi.

Kimeita hadi mwisho mara nne tu kwa siku tatu. Mama Mkubwa (nilipokea, nikasema amina). Bwana mmoja anataka gesi apelekewe Sunyani, mkoa mwingine kabisa! Mlinzi wa shule ya Kwadaso, mtungi wa jikoni umekwama kufunguka, na huyu kanishukuru sana. Na Bi Dufie. Alipiga kuniambia mtungi haupigi mluzi tena. Nikamuuliza kuna lolote lingine? Akasema hapana, alitaka kuona kama kweli nitapokea.

Na bipu. Bipu siku nzima! Wapo ambao bado wanabipu kisimu, hawaachi, na mimi bado siwaoni ni nani. Napigwa huku na huku. Sasa siwezi kuendesha, kubeba mitungi na kupokea simu za mezani. Nimemwambia Ofosu namba hii inataka mtu, si kikaratasi. Akae yeye kibandani apokee. Akasema yeye ni mtu wa mipango.

Yaani alitaka kuwa nayo. Hakutaka kuipokea.

Kinachonichoma ni kwamba sasa hata mimi sijui. Mwezi mzima nimemwita mjinga. Ni mjinga! Lakini je, Bi Dufie angembipu nani, kwa salio gani? Wako wangapi wa namna yake? Wanne kwa siku tatu? Wanne hawalishi mtu.


Jumamosi, 3 Machi

Aboboyaa imekatika mnyororo kwenye mzunguko wa barabara pale Suame. Saa mbili asubuhi. Mitungi kumi na moja nyuma, lori za mchanga zinanipigia honi, madereva wananiuliza kama nimefungua duka hapo.

Bipu mbili. Mama Akyaa. Dakika tano, mbili tena. Nikampigia mbio, nikamweleza. Akasema, "Mimi sipikii maelezo."

Nimekodi teksi mbili. Dereva wa kwanza alipoona mitungi akaniongezea bei, wa pili akakataa hadi nilipomwapia kwa jina la mama yangu kwamba haivuji. Nimefika saa sita na nusu. Saa sita na nusu! Mazishi ya saa nane. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, sufuria zimepangwa mbele yake hazina moto.

Sikutaka tena asamehe. Nilitaka aseme tu. Kasema:

"Wiki ijayo nina misiba miwili, Afriyie. Yule wa Suame kanipigia. Yeye mwenyewe. Kanipigia."

Nikamwambia nipe mpaka Jumatano. Jumatano utaona aboboyaa mbili.

Imetoka mdomoni kabla sijafikiri. Haya. Imeshatoka.


Jumapili, 4 Machi

Nilijiandaa kwa vita. Nilimwambia Ofosu: aboboyaa, namba basi.

Akasema sawa.

Sawa! Mwezi mzima ananitoa roho, halafu sawa! Eti amefikiri, na pia semina nyingine imemwambia siku hizi wakubwa wanahamia WhatsApp. Nilitamani kumpiga na sahani ya fufu. Nimeshinda na sina raha yoyote.

Nilipanga kupita Ash Town kumwambia Bi Dufie asipige tena. Nitamwachia namba yangu imeandikwa kubwa. Halafu nikawaza, kwa salio gani? Nimtumie salio kila mwezi? Na atakayefuata? Jua kali, nikajiambia nitapita kesho nikitoka kwenye kampuni ya simu. Kesho kutwa sikukuu ya uhuru, kila kitu kimefungwa.


Jumatatu, 5 Machi

Naandika kwenye benchi, ofisi ya kampuni ya simu, Adum. Saa saba na robo. Kiyoyozi kinanipuliza shingoni.

Tumefika saa tano. Foleni. Dada wa kaunta alituuliza mara tatu kama tuna hakika, maana namba ikirudishwa leo hii hii inapewa mwingine. Mna hakika? Ofosu alimwambia tuna hakika kwa ile sauti ya redioni. Ikatoka fomu. Ikahitajika sahihi ya mmoja wetu aliyesajili. Kumbe aliyesajili ni mimi! Ofosu aliandika jina langu tangu siku ya kwanza, hakuniambia. Kwa hiyo nimeweka sahihi mimi. Kitambulisho changu kimechukuliwa kunakiliwa.

Ofosu kaondoka na fedha kwenda kuona ile aboboyaa kabla muuzaji hajafunga. Dada akaweka fomu yangu kwenye meza yake, akaweka kisimu juu ya fomu, akafunga mlango wa kioo kwa funguo, kaenda kula. Fomu haijapigwa muhuri. Atarudi saa nane. Laini inakatwa akishapiga muhuri.

Basi nimekaa. Nimefanya hesabu ya wiki hii: aboboyaa mbili, misiba miwili, Mama Akyaa ataona. Ni uamuzi sahihi. Mtu yeyote angeamua hivyo.

Taa nyekundu.

Kisimu kinaita! Mlio wake hausikiki huku, kioo kinene, ila naiona taa na kinavyotikisika kidogo juu ya karatasi yangu. Moja. Atakata, ni bipu. Mbili. Mama Mkubwa? Mama Mkubwa tumemwambia jana, naye amenuna, hatapiga. Ash Town bado sijapita. Tatu.

Huyu habipu. Anapiga.

Nimegonga kioo. Mlinzi kaniuliza, sista, vipi? Nikamwambia simu yangu ile, inaita. Akasema ya kwako ulishairudisha, nimekuona ukiweka sahihi. Nikamwambia nifungulie dakika moja tu. Hana funguo. Ngoja saa nane.

Nne. Tano.

Imezima nyekundu. Sasa ni ya kijani. Ofosu anamwambia karibu, sisi tunakujali.

Dakika ya pili. Mlinzi anasema labda ni mtandao tu.

Dakika ya tatu. Taa ya kijani bado inawaka, mtu bado anaongea.